Nani atauliza habari za magadi?

Aliyeandika kwamba utafiti ni anasa kwa muuguzi wa kijijini, kwamba afundishwe kuchoma sindano basi, aje Kikwe. Vyanzo vingi vya maji huku Arumeru vina floraidi kupita kikomo cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita. Meno ya watoto huwa ya kahawia. Wengine hupinda miguu. Na si maji peke yake: magadi tunayotia kwenye maharage na makande yaive upesi yanaweza kuwa na floraidi pia.

Sasa, nani atamuuliza mama kliniki, mtoto akiwa bado kwenye mizani, anatia magadi kiasi gani na mtoto alianza makande na miezi mingapi? Profesa? Ni muuguzi. Akifunzwa kuuliza kwa mpangilio na kuhesabu majibu, daftari lake tayari ni utafiti. (Florence Nightingale, muuguzi anayesifiwa kila Mei 12, Siku ya Wauguzi, mwaka 1858 alitumia takwimu za vifo kuibana serikali ya Uingereza.)

Wauguzi ni wachache, kweli. Basi waajiriwe zaidi, na vyuo vya cheti na stashahada viwafundishe utafiti kwa maswali ya zahanati zetu, si kwa kukaririshwa nadharia za Marekani.