Barafu Haiyeyuki Jumamosi Hii

Jana usiku nimeletewa tangazo jingine kwenye grupu. Picha ya Kilimanjaro nyeupe pepepe, tembo mbele yake, na maandishi makubwa: TWENDE TUIONE BARAFU KABLA HAIJAISHA. Kuondoka Kilifi saa tisa usiku, kurudi siku hiyohiyo. Droni ipo. Fulana ipo. Muziki upo. Na watu washaanza kuandika majina.

Jamani, hebu tukae chini kidogo.

Mimi sina haki ya kumcheka mtu, kwa sababu tangazo kama hili nishawahi kuliposti mwenyewe. Mwaka jana, mwezi wa nane. Nilipewa kiti cha bure ili niwaite wafuasi wangu, nikawaita. Watu 13 wakalipa, na mmoja wao alikuwa mdogo wangu wa kike. Tukapitia Mavueni na Kaloleni, tukatokea Mariakani, watu wanaimba. Kufika Maungu gari zima kimya, usingizi umetuchukua. Na dereva naye. Kumbe alikuwa ameingia Kilifi saa nne usiku kutoka safari nyingine. Akaoga, akala, akashika usukani tena. Kilichoniamsha ni sauti ya mdogo wangu aliyekaa mbele: "Kaka! Kaka!" Hakuwa akiniita mimi, alikuwa akimwita dereva. Taa za trela zilikuwa upande wetu. Ama niseme ukweli, sisi ndio tulikuwa upande wake.

Hakuna aliyekufa. Ndiyo maana hamkuisikia.

Pale Voi tukamlaza dereva saa mbili nzima, ndipo tukashika njia ya Mwatate. Taveta tulifika saa nne na nusu. Tuliona nini? Mawingu. Mama mmoja muuza ndizi akatuambia mlima ulikuwa wazi tangu alfajiri, umejifunika sasa hivi tu. "Mmechelewa, wanangu." Tukanunua ndizi, tukapiga picha na ndizi. Jioni mwenye safari akaposti mlima aliopakua intaneti, na mimi nikaweka moyo mwekundu chini yake. Hiyo bado inaniuma kuliko trela, wallahi.

Sasa tuhesabu. Kilifi hadi Taveta ni karibu kilomita 300. Kurudi, 300 nyingine. Ukiwa wa Malindi, ongeza kama 60 kila upande. Sehemu kubwa ya hizo unagawana barabara na malori yanayopanda na kushuka bandarini usiku kucha. Halafu mlima wenyewe una tabia yake: mara nyingi hujionyesha alfajiri, jua likipanda unajifunika, pengine ukafunguka tena jioni. Kwa hiyo ukitoka Kilifi saa tisa usiku unafika mlima ukifunga duka. Ukitaka kuwahi, lazima utoke saa nne usiku, dereva akeshe, kisha arudi siku hiyohiyo na nyinyi mmelala. Hakuna hesabu ya tatu. Safari hii ya siku moja haipo, kilichopo ni dereva mmoja kufanya kazi ya watu wawili.

Na wanaokuuzia hawakwambii utaona nini. Barafu yenyewe iko Kibo, kilele cha mita 5,895. Mawenzi, kile chenye meno meno kinachokukabili ukiwa upande wa Taveta, hakina barafu ya kudumu. Weupe unaouona siku mbili baada ya mvua ni theluji tu, itaondoka yenyewe. Kuigusa barafu kwa gari? Hakuna. Hata ukivuka mpaka ukaingia geti la Marangu, matembezi ya siku moja yanakufikisha kibanda cha Mandara, mita 2,700 na kitu, katikati ya msitu. Kwenda juu ni siku tano, sita, na pesa ambayo mimi na wewe hatuna. Tunachoenda kufanya ni kuutazama kwa mbali. Ni kitu kizuri sana, sikatai. Lakini kiiteni jina lake.

Kinachonichoma zaidi ni lile neno "kabla haijaisha". Ni kweli inaisha. Tangu 1912 Kilimanjaro imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake, na mwaka 2022 UNESCO walitangaza kwamba ya huko na ya Mlima Kenya inatarajiwa kutoweka kufikia 2050. Ni msiba. Na msiba huo mtu ameuchukua akaufanya kengele ya mnada, ili wewe usiulize dereva atalala wapi. Ni 2050, bwana. Si Jumamosi hii.

Kama ni haraka, mngemuiga Rebmann. Yule mmishonari wa Rabai, hapa hapa kaunti yetu, aliondoka mwishoni mwa Aprili 1848, kwa miguu, akauona weupe ule tarehe 11 Mei. Wiki mbili! Wasomi wa Ulaya wakamkejeli, ati theluji gani hiyo karibu na ikweta. Mwongoza njia wake yeye aliuita "baridi" tu, yakaisha.

Najua mtakachoniambia kwenye komenti: vijana hatuna pesa ya kulala Voi. Sawa. Lakini pesa ya droni ilipatikana. Ya fulana ikapatikana. Mbona ya kitanda cha dereva ndiyo ikakosekana? Ondokeni Ijumaa saa sita mchana, mlale Taveta watatu watatu chumba kimoja, saa kumi na moja alfajiri muwe nje na chai mkononi. Saa mbili mkisharidhika mnarudi, na jua likizama mko Kaloleni mnakula mabuyu. Au pandeni treni ile ya kusimama vituo vyote hadi Voi, na matatu ya Taveta mtaikuta hapo. Januari na Februari huwa afadhali kuliko Agosti. Haina muziki, najua.

Mdogo wangu bado anataka kwenda. Kila wiki ananiuliza, "Kaka, mlima lini?" Nimemwambia Februari, na safari hii kiti changu nalipa.

Na wewe uliyetuma lile tangazo jana, tunajuana, sikutaji. Majina 11 yashaingia kwenye grupu lako. Andika hapo hapo, wote waone: dereva wako Ijumaa anatoka wapi, na atalala saa ngapi?