Kasoro ya Injini Isemwe Kabla ya Pesa Kutoka



Leo hatuzungumzi vitambaa wala hina. Tunazungumza injini za mtumba kutoka Japani. Usicheke, bibi harusi, nguo yako haiji kwa miguu yake.

Sisi ni mtu na wifi yake, mafundi cherehani hapa Chiungutwa, wilaya ya Masasi. Pesa za korosho zikishalipwa, harusi hufuatana, na Noah yetu kuukuu ndiyo inayobeba nguo na mapambo kwenda Masasi na kupanda Newala. Mwaka juzi ilichemsha mlimani. Maji ya rejeta yalikuwa yameisha, nasi hatukuwa na habari. Injini ikafa pale pale. Sanduku la bibi harusi lilimalizia safari kwenye bodaboda, limefungwa kwa kanga zetu mbili, na sisi nyuma tunasoma kila dua tunayoijua.

Fundi alitushauri tununue injini iliyotumika Japani, akasema kuifufua ya zamani kutatugharimu zaidi. Ushauri wake haukuwa mbaya. Kule gari la binafsi likinunuliwa jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na ukaguzi una gharama. Wengi huona bora kuliacha gari kuliko kuendelea kulilipia. Basi huvunjwa au kuuzwa nje, na injini yake mara nyingi bado ina nguvu. Nyingine huja moja kwa moja hadi bandarini Dar es Salaam, nyingine hupitia Sharjah. Kwa hiyo mtumba peke yake si ubaya. Nusu ya nguo tulizojifunzia kushona zilikuwa mtumba.

Ubaya ulikuwa kwenye namna tulivyonunua. Tulipiga simu duka moja Dar es Salaam, tukatuma shilingi 1,800,000 za mchezo wetu wa kina mama, tukaambiwa injini ni safi, kilomita zake chache, na ina dhamana ya wiki. Dada, injini haiji na dashibodi. Hizo kilomita ni za mdomoni. Na ile wiki ilianza kuhesabiwa dukani, wakati injini ilikuwa kwenye lori ikitafuta zaidi ya kilomita 500 kufika Masasi. Ilipofungwa kwenye gari, wiki ilikuwa imeisha. Siku ya pili ikatoa moshi wa bluu na kunywa oili kama mgeni aliyetoka safari. Tulipompigia muuzaji, akatujibu kwamba injini ikishafungwa si yake tena.

Mtihani mkubwa ulikuja baada ya hapo. Mtu mmoja gereji akatunong'oneza: tieni oili nzito, moshi utajificha wiki mbili, dereva wa kijiji cha jirani anatafuta injini, muuzieni na msiseme kitu. Hatutajifanya malaika. Usiku ule tulipiga hesabu mara tatu, na wanachama wa mchezo walikuwa wanasubiri zamu zao. Mmoja wetu alisema, "Sisi tulidanganywa, kwa nini hasara ikae kwetu?" Mwingine akauliza, "Na huyo dereva atamwambia nini mkewe?" Tukanyamaza hadi adhana ya alfajiri.

Mtume wetu (s.a.w.) alipita sokoni, akaingiza mkono kwenye rundo la nafaka, akakuta chini kumelowa. Muuzaji alijitetea kwamba ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuuweka unyevu huo juu watu wauone, kisha akajitenga na mwenye kudanganya. Imepokewa na Muslim. Ile oili nzito ni nafaka kavu ya juu, na moshi ni unyevu wa chini. Hakuna tofauti.

Tuliivunja ile injini, tukauza stata, jenereta na vipande vilivyo vizima, kila kimoja tukikitaja kilipotoka. Tukapata shilingi 700,000. Hasara tuliilipa kwa kushona usiku. Iliuma, lakini dereva yule tukikutana naye barabarani tunamsalimia bila kuangalia chini.

Msimamo wetu ni huu: anayeficha kasoro amedhulumu, lakini nasi wanawake tuache kununua kwa haya. Kitambaa tunakivuta, tunakinusa, tunakiangalia upande wa pili. Kwenye injini tunasema "hayo ya wanaume" na kutoa pesa. Dini haikututaka hivyo. Sheria yetu imetupa khiyari, yaani haki ya kurudisha. Katika madhehebu yetu ya Shafi, khiyari ya masharti haizidi siku 3, na khiyari ya kasoro inataka urudishe mara tu unapoigundua kasoro, usiendelee kutumia. Kwa mtu wa Chiungutwa, au wa Pemba anayesubiri boti, siku 3 huishia njiani. Basi kipimo kifanyike kule kule dukani, kabla ya pesa kutoka.

Nenda na fundi wako mwenyewe, usimtegemee wa dukani. Linganisha namba ya aina ya injini na ya gari lako. Noah kuukuu kama yetu inatumia 3S, Noah iliyofuata ina 1AZ, na hizo hazibadilishani hivi hivi. Fungua mfuniko wa oili: ukikuta uji mweupe kama maziwa, maji yameingia. Toa plagi zote uzitazame. Ikilowa oili, uliza. Injini izungushwe, isiwe imekwama. Angalia kama kuna gundi mpya ya gasketi, maana yake imeshafunguliwa. Kubwa zaidi, ipimwe kompresheni kila silinda, na vipimo vikaribiane. Kipimo hicho kingetuokoa. Uliza pia kama unapewa stata, jenereta, waya na kontroli boksi, au injini tupu.

Kisha andikeni. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, kwenye Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Karatasi iwe na namba ya injini, bei, tarehe, na dhamana inaanza lini. Risiti hiyo hiyo itakusaidia kubadilisha namba ya injini kwenye kadi ya gari, na kuonyesha kwamba hukununua cha wizi.

Na wewe bibi harusi, mahari ni mali yako. Mume akihitaji injini ya gari la riziki, kumsaidia ni wema na una malipo yake kwa Allah. Ila semeni mapema: ni zawadi, ni mkopo, au ni ubia? Kuuliza hivyo si kukosa adabu. Ugomvi mwingi tunaousikia wakati wa kupima nguo ulianza na pesa ambayo haikupewa jina.

Injini ya pili tulisafiri sote wawili na fundi wetu kuifuata. Tulimwomba muuzaji aipime mbele yetu. Wa kwanza alikasirika, tukamwaga kwa heri. Wa pili alicheka akaleta kipimo. Tukabadilisha mkanda wa taimingi na sili kabla ya kuifunga, na mpaka leo inapanda Newala na sanduku la bibi harusi nyuma.

Muuzaji anayekasirika ukimuuliza ameshakujibu.

Wabillahi tawfiq.