Mchoraji anaondoka, kitabu nacho kinaondoka

Katika kila sikukuu ya vitabu kuna saa moja ambapo sehemu ya watoto inajaa kuliko ukumbi wa maprofesa. Ni saa ya mwandishi anayechora vitabu vyake mwenyewe. Anatundika karatasi kubwa ukutani, anachukua kalamu nyeusi nene na kuuliza: tuchore nini? Mmoja anapiga kelele mamba, mwingine nyoka, mwingine pikipiki. Baada ya dakika mbili mamba amepanda pikipiki, na watoto wanacheka mpaka mwalimu anasahau kuwanyamazisha. Kisha kila mtoto anapewa karatasi yake ajaribu. Wapiga picha wanafika, picha zinakwenda kwenye mitandao, na waandalizi wanapata ukurasa mzuri wa ripoti yao.

Jioni mchoraji anafunga sanduku lake. Vitabu vilivyokuwa mezani, vile alivyowaonyesha watoto ukurasa kwa ukurasa, vinarudi kwenye makarton. Mtoto anarudi nyumbani na mamba wake wa karatasi. Kitabu hakimfuati.

Waandalizi wa Sikukuu ya Vitabu ya Kinshasa, ile ambayo wengi wanaiita Fête du livre, wanapaswa kulijibu jambo hili, na vilevile wale wanaojaribu maonyesho madogo ya vitabu katika miji mingine. Kumwalika mwandishi-mchoraji ni jema, tena waalikwe wengi zaidi. Lakini mwaliko unaokwisha na karatasi moja mkononi mwa mtoto umefanya nusu ya kazi, na ile nusu iliyo rahisi.

Wachoraji wenyewe Kongo haijawakosa. Dominique Mwankumi, aliyezaliwa mwaka 1965 na kupita kwenye Académie des Beaux-Arts ya Kinshasa, ametoa vitabu vyake katika nyumba ya uchapishaji ya l'école des loisirs, mjini Paris. La pêche à la marmite kilitoka mwaka 1998, Prince de la rue mwaka 1999, Les petits acrobates du fleuve mwaka 2000. Ndani yake mna mto, mitumbwi na watoto wanaovua. Mna mtoto wa barabarani wa Kinshasa anayejitengenezea vichezeo kwa vitu ambavyo wengine wametupa. Mna watoto wanaopiga makasia kuifuata meli, wakaikamata ikiwa mwendoni, ili wauze na kununua kwa abiria. Mtoto wa Kindu anayeishi kando ya Lualaba, au wa Kalemie anayeona meli za Tanganyika kila juma, hahitaji mtu wa kumwelezea picha hizo. Ni maisha yake, au ya kaka yake mkubwa.

Lakini mtoto huyo wa Kindu hajaviona. Vimechapwa Ulaya, kwa Kifaransa, kwa bei ya Ulaya. Kitabu cha picha cha jalada gumu huko kinapita euro 10, na hapo usafiri bado haujahesabiwa. Kwa pesa hiyo nyumba nyingi za Kindu zinakula siku kadhaa. Hakuna mzazi wa kulaumiwa akichagua unga.

Bei ni ukuta wa kwanza. Wa pili ni lugha, na huu unazungumzwa kidogo mno. Ibara ya kwanza ya Katiba ya 2006 inataja Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa, na kuipa serikali kazi ya kuziendeleza bila ubaguzi. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inakwenda mbali zaidi: inaruhusu lugha hizo zifundishie, si kufundishwa tu. Kwa hiyo mtoto wa darasa la kwanza huko mashariki ana haki ya kujifunza kusoma kwa Kiswahili. Atasoma nini? Kitabu cha shule, kama kipo na kama hakigawanywi kwa wanafunzi watano. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa ya bure mwaka 2019 madarasa yamefurika, na vitabu havikuongezeka kwa mwendo huo. Kitabu cha hadithi, kile ambacho mtoto anakifungua bila kuamriwa na mtu, ndicho kinachokosekana kabisa.

Kuna wanaosema Wakongomani hawapendi kusoma. Kinshasa yenyewe inawakanusha. Mwaka 1990 kijana mchoraji anayejiita Papa Mfumu'Eto alianza kutoa vijarida vyake vya picha kwa Lingala, kwa rangi nyeusi na nyeupe, karatasi ya hali ya chini, vikiuzwa sokoni na kando ya barabara. Hadithi yake iliyovuma zaidi ilikuwa ya nyoka mkubwa anayemmeza mwanamke kisha kutapika dola. Watu walinunua, wakasoma, wakaazimana, wakabishana kama ni kweli. Havikuwa vitabu vya watoto, na mzazi mwenye busara angevificha. Lakini havikuwa na ukumbi, wala balozi wa kukata utepe. Vilikuwa na lugha ya barabarani na bei ya barabarani. Wasomaji walikuwapo siku zote. Aliyekosekana ni mtu wa kuwauzia kitu wanachokielewa kwa pesa waliyo nayo mfukoni.

Kwa kitabu cha picha, kubadili lugha si mlima kama inavyodhaniwa. Gharama kubwa iko kwenye rangi. Kwenye mashine kubwa za kuchapa, ukurasa wa rangi unapita kwenye mabamba manne: buluu, nyekundu, njano na nyeusi. Wachapishaji wa vitabu vya watoto wanajua hila moja ya zamani: maneno yote yanawekwa kwenye bamba jeusi peke yake. Wakitaka kuchapa kwa lugha nyingine, rangi tatu zinabaki zilivyo na bamba jeusi linabadilishwa. Ndivyo kitabu kimoja kinavyotoka kwa Kifaransa, Kijerumani na Kiholanzi kwa mzunguko mmoja wa mashine, na kila lugha inalipa kidogo. Kiswahili kingeweza kuingia kwenye mzunguko huo. Na maneno yenyewe si mengi: hadithi ya aina hii mara nyingi haifiki kurasa tano za daftari. Mwalimu mzuri wa Bukavu au Lubumbashi anaitafsiri kwa juma moja, kisha anaisoma mbele ya darasa lake na kurekebisha pale watoto wanapokunja uso.

Hapo litazuka lile swali la kila siku: Kiswahili kipi? Kuandika mtoto au mutoto? Cha Bunia, cha Lubumbashi au cha vitabu vya Tanzania? Swali ni halali, lakini limetumiwa mno kama sababu ya kukaa bure. Mtoto anayesema mutoto nyumbani atasoma mtoto bila taabu kama picha ya mtoto iko pembeni. Hiyo ndiyo faida ya kitabu cha picha: mchoro unabeba mzigo ambao tahajia haiwezi kuubeba. Yapo tayari maktaba ya bure ya African Storybook, iliyoanzishwa Afrika Kusini, yenye hadithi za Kiswahili ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzitoa na kuzichapa. Zinafaa, na direkta wa shule mwenye printa asizidharau. Lakini nyumba, soko na sare zilizochorwa humo mara nyingi si za Kongo, na watoto wanaliona hilo haraka kuliko watu wazima.

Wengine watasema mashariki kuna vita, na kwamba kuzungumzia vitabu vya picha ni anasa. Ni kweli kwamba tangu Goma ilipoingia mikononi mwa M23 mwezi wa Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, hata kupeleka mzigo kutoka Kinshasa kumekuwa kazi nyingine. Basi ianzwe kunakofikika: Lubumbashi, Kolwezi, Kalemie, Kindu, Kisangani. Huko kuna watoto wa Kiswahili wa kutosha, wakiwemo waliokimbia makwao na kukaa katika madarasa mageni.

Waandalizi wa sikukuu wana nguvu ambayo hawaitumii. Wao ndio wanaomwita mchoraji, wanaozungumza na mchapishaji wake, wanaoketi na wafadhili. Kabla ya kununua tiketi ya ndege ya mgeni, wangeweza kumwuliza mchapishaji swali moja: kwa bei gani mtatupa haki ya kuchapa kitabu hiki kwa Kiswahili, jalada laini, kiuzwe Kongo tu? Mchapishaji wa Paris hapotezi mnunuzi hata mmoja kwa sababu ya kitabu kinachouzwa Kindu. Na bajeti ya mabango, fulana na chakula cha jioni cha ufunguzi ikikatwa kidogo, inalipa nakala za kwanza.

Mchoraji naye alipwe. Desturi ya kumwambia njoo bure kwa sababu ni ya watoto imezoeleka mno. Mwanamuziki anayefunga sherehe haambiwi hivyo, wala fundi wa vipaza sauti. Kijana wa Lubumbashi anayejua kuchora na kusimulia akiona kwamba kazi hiyo haimlishi, atakwenda kuchora mabango ya simu, na hakuna atakayemlaumu.

Basi sikukuu ijayo, mchoraji atakapofunga sanduku lake, ripoti ya waandalizi iwe na mstari mmoja zaidi chini ya picha za watoto wanaocheka: nakala ngapi zimebaki, kwa lugha gani, na shule gani imetia sahihi ya kuzipokea.