Sindano ya Mwisho si ya Ziada

Mara nyingi wazazi husema: "Mtoto alishachomwa sindano, akapata na homa. Ya nini tena?" Swali hilo si la ujinga, linastahili jibu.

Mkulima wa Mazingara akivuna mahindi hafanyi kila hindi kuwa mbegu. Huchagua yaliyo bora, huyatundika juu ya moshi wa jiko, na msimu ukifika hupanda hayo. Mwili nao una uchaguzi wake. Chanjo ikiingia, baadhi ya chembechembe nyeupe za damu hukusanyika ndani ya tezi, zile zinazovimba kwapani na kinenani tukaziita mitoki. Humo huzaliana upesi, na kila zinapogawanyika, jeni zinazotengeneza kingamwili hubadilika kidogo. Mabadiliko mengi hayana faida, na chembechembe hizo hufa. Zile chache zinazomshika adui kwa nguvu zaidi hubakizwa, huzaliana tena. Kazi hiyo huchukua wiki kadhaa. Baadhi huwekwa akiba kama mbegu, na sindano inayofuata huziamsha.

Ushahidi wa faida ya kukamilisha dozi tunao jirani. Korogwe ilikuwa kimojawapo cha vituo 11 katika nchi 7 za Afrika vilivyoijaribu chanjo ya malaria ya RTS,S, kati ya mwaka 2009 na 2014. Kingamwili zake hupungua kadiri muda unavyopita. Kwa watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17, dozi nne zilipunguza malaria kwa asilimia 36 katika miaka kama minne. Dozi tatu, asilimia 28. Malaria kali ilipungua kwa asilimia 32 kwa waliopata dozi nne. Kwa walioishia tatu, karibu haikupungua.

Kwa hiyo tusiiite dozi ya mwisho "ya ziada". Lakini lawama isiwaangukie akina mama peke yao. Anayebeba mtoto mgongoni hadi zahanati, msimu wa palizi, anahitaji msaada. Akina baba, isomeni kadi ya kliniki. Jumuiya ndogo ndogo, kumbushaneni: wiki 6, 10 na 14, kisha miezi 9 na 18 kwa surua.

Na uliyechelewa, usione aibu kurudi. Kwa kawaida mtoto haanzi upya. Huendelea pale alipoachia. Mbegu iliyohifadhiwa bado inangoja mvua.