Nani Anaipanga Jioni ya Nyumba Yako?

  

Ndugu msomaji, hivi karibuni nilitoka msikitini hapa Kilwa Kivinje baada ya sala ya Magharibi, nikashika njia ya kurudi nyumbani kwa miguu. Si mwendo mrefu. Nilipopita dirisha la nyumba ya kwanza nilimsikia mwanamke akilia katika tamthilia. Nilipofika nyumba ya pili kilio kilikuwa kingali kinaendelea. Penye nyumba ya nne mumewe alianza kumjibu, na hadi naufikia mlango wangu nilikuwa nimeusikia ugomvi wao wote bila ya kukosa neno, ingawa sikusimama mahali popote. Nikaingia ndani, nikawakuta wanangu wanautazama ugomvi ule ule. Mkoba wa chuo, wenye juzuu ya mdogo wao, ulikuwa umetundikwa msumarini, haujaguswa tangu alasiri.

Siandiki makala haya ili kuwalaumu watoto. Wao waliikuta jioni imekwisha kupangwa, wakaifuata. Swali linalonishughulisha ni hili: nani aliyeipanga?

Vituo vya televisheni havirushi vipindi kwa kubahatisha. Kila saa ina bei yake, na saa za thamani kubwa kuliko zote ni zile za baina ya magharibi na wakati wa kulala, kwa kuwa ndizo saa ambazo familia nzima iko nyumbani. Huko Marekani, mitandao mikubwa kama ABC na NBC imekuwa na desturi ya kuwaalika wanunuzi wa matangazo mjini New York kila mwezi wa Mei, ikawaonyesha tamthilia mpya zitakazorushwa usiku kuanzia Septemba. Miezi kadhaa kabla ya mtazamaji kukaa kwenye kiti chake, nafasi nyingi za matangazo huwa zimekwisha nunuliwa. Tamthilia hupewa mtazamaji kama chambo. Bidhaa inayopelekwa sokoni ni macho yake na muda wake.

Na tusidhani kwamba jambo hili ni la Wamarekani peke yao. Katika nchi za Kiarabu, Misri na Ghuba zikiwamo, msimu mkubwa wa tamthilia ni mwezi mtukufu wa Ramadhani. Vituo huziweka akiba tamthilia zao bora ili zianze siku ya kwanza ya mfungo, zikatoka sehemu moja kila usiku hadi mwezi umalizike. Sababu ni ile ile: baada ya futari watu wamekusanyika. Saa ambazo muumini anazihitaji kwa Isha na Tarawehe ndizo saa ambazo mwenye bidhaa anazihitaji kwa matangazo yake.

Kwetu huku mambo yalichelewa kufika. Zanzibar ilikuwa na televisheni yake, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Sisi wa Bara tulisubiri hadi mwaka 1994, vituo vya watu binafsi vilipoanza kurusha matangazo Dar es Salaam. Kwa miaka mingi baada ya hapo, televisheni kwa watu wengi wa Kilwa na vijiji vya Lindi ilikuwa ni ya kibanda: jenereta moja, deki moja, na vijana hamsini wamebanana kutazama mpira au picha ya Kihindi. Aliyetaka kutazama alilazimika kutoka nyumbani, na mzazi alijua mwanawe yuko wapi.

Kisha mambo yakaenda mbio. Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam na miji mingine ikafuata, ndipo neno king'amuzi likaingia katika lugha ya kila nyumba. Mwaka 2013 Azam TV ikaanza, na sahani zake zikaenea hadi vijijini. Umeme wa gridi umefika mahali pengi, na usipofika, sola hutosha. Leo mkulima akiuza ufuta wake au korosho zake, runinga na king'amuzi ni miongoni mwa vitu vya mwanzo anavyovifikiria baada ya mabati. Kibanda kimehamia sebuleni.

Sasa tuitazame saa yenyewe. Katika pwani yetu jua huzama kuanzia saa 12 na robo hivi wakati wa kusi hadi karibu saa 1 kasoro dakika 10 katika miezi ya Januari na Februari. Isha hufuata baada ya saa moja na dakika chache. Muda huo mfupi ndio uliokuwa shule yetu ya usiku. Baada ya Magharibi watoto walirudi chuoni kwa maalim, au walisomeshwa ukumbini na mama. Wazee walikaa darsani. Baada ya Isha na chakula, bibi aliwakusanya wajukuu akawasimulia, na usingizi ukawakuta hapo hapo mkekani. Hapakuwa na waraka wowote uliotungwa kuilinda saa ile. Ililindwa na giza na kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kufanya. Ndiyo maana ilipopata mshindani ilianguka upesi. Hatukuwa tumejifunza kuilinda.

Tunayo funzo katika Sura ya Jumu'a, ambayo wengi wetu tunaisikia mara kwa mara. Mwisho wa sura hiyo unaelezea siku ambayo Mtume (S.A.W.) alikuwa amesimama akihutubu, msafara wa biashara ukaingia Madina, na watu wakatoka kuukimbilia wakamwacha amesimama. Imepokewa kutoka kwa Jabir bin Abdillah (R.A.) kwamba waliobaki walikuwa watu 12. Tuzingatie kwamba aya inavitaja vitu viwili pamoja: biashara na pumbao. Waliokwenda mbio hawakuwa makafiri. Walikuwa ni watu wa msikitini, na chakula walichokikimbilia kilikuwa cha halali. Kosa lao lilikuwa la wakati: waliliacha lililo kubwa katika saa yake kwa ajili ya dogo ambalo lingeweza kungoja.

Kwa hivyo mimi siko pamoja na wale wanaotaka runinga zivunjwe. Mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoipiga pwani yetu na barabara ya kwenda Dar es Salaam ikakatika eneo la Somanga, wengi tulikuwa tukingoja taarifa ya habari ili tujue kama njia imefunguka. Zipo tamthilia za Kiswahili zinazomfunza kijana madhara ya dawa za kulevya na kumfunza mume haki ya mkewe. Isitoshe, ukiivunja runinga leo, simu itachukua nafasi yake kesho, nayo ni mbaya zaidi, kwani kila mtu huitazama peke yake chini ya shuka.

Tena tuwe waadilifu, wanaume wenzangu. Tunawasema sana kina mama kwa tamthilia zao, huku sisi tunakesha na Ligi ya Mabingwa wa Ulaya, ambayo mechi zake nyingi huanza kwetu saa 4 au saa 5 usiku. Mtume (S.A.W.) hakupenda kulala kabla ya Isha wala maongezi yasiyo na haja baada yake. Baba anayekosa jamaa ya Alfajiri kwa sababu ya mpira hana ulimi wa kumkanya bintiye.

Lakini ipo hasara nyingine ambayo haizungumzwi, nayo inatuhusu sisi watu wa Kilwa kuliko wengine. Tamthilia ya Kituruki iitwayo Muhteşem Yüzyıl, iliyoanza kuonyeshwa Uturuki mwaka 2011, ilitufikia kupitia Azam TV kwa sauti za Kiswahili na kwa jina la Sultan. Huko Uturuki kwenyewe ilizua ubishi, na mwaka 2012 Erdoğan, akiwa Waziri Mkuu, aliishutumu hadharani kwa namna ilivyomwonyesha Sultani Suleiman. Huku kwetu watoto waliipokea kama somo la historia ya Uislamu. Wanamjua Suleiman, wanamjua Hürrem, na wanajua nani alimlisha nani sumu.

Waulize kuhusu sultani wa hapa. Ng'ambo ya maji kutoka Kilwa Masoko, mwendo mfupi wa mashua, upo msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani, mji ambao magofu yake pamoja na ya Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Ibn Battuta alifika hapo mwaka 1331 akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abu al-Mawahib, yaani mwenye vipawa vingi, kwa ukarimu wake. Msafiri huyo anaeleza kwamba siku moja ya Ijumaa, sultani alipokuwa akitoka msikitini, fakiri kutoka Yemen alimsimamisha akamwomba nguo alizokuwa amezivaa. Sultani akarudi, akavaa nyingine, akampa zile.

Hadithi haiishii hapo. Mwana wa sultani alizichukua zile nguo kwa fakiri akampa watumwa 10 badala yake, na sultani akaongeza watumwa wengine na pembe za ndovu. Mtoto akisikia hayo atauliza: watumwa walitoka wapi? Swali hilo ni zito, hasa katika mji kama Kivinje, ambao biashara hiyo ilipita humo. Linahitaji mzee wa kukaa, kunyamaza kidogo, kisha kulijibu kwa ukweli. Runinga haisimami kumngoja mtoto aulize. Hapo ndipo penye tofauti ya saa tuliyoipoteza na saa tuliyoipata.

Basi tufanye nini? Ninapendekeza kila nyumba iwe na ratiba yake, kama kituo kilivyo na yake. Baina ya Magharibi na Isha runinga izimwe na simu zote, ya baba ikiwamo, ziwekwe kapuni. Muda huo uwe wa Qur'ani, masomo ya shule na mazungumzo. Baada ya Isha familia ichague kipindi kimoja, itazame pamoja na kukijadili. Tamthilia hurudiwa siku za mapumziko; mwenye kuikosa Jumatatu hajaikosa daima. Usiku mmoja katika wiki uwe wa bibi au babu, na kama hawapo, wa jirani mzee. Na vituo vyetu, vyenye watazamaji wengi Waislamu, navyo viombwe kwa adabu vitupe hadithi za pwani hii, kwani Kilwa huonekana zaidi watalii wanapokuja au mafuriko yanapotokea.

Nyumbani kwangu tumeanza. Siku mbili za kwanza zilikuwa za kununa, na sitaficha kwamba mimi mwenyewe niliikumbuka taarifa ya habari. Siku ya tatu mdogo wao aliutoa mkoba msumarini bila ya kuambiwa, akasoma, kisha akamuuliza bibi yake kama kweli sultani alirudi nyumbani kubadili nguo. Bibi alianza kujibu, na Isha ikaadhiniwa kabla hajamaliza.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atupe nguvu ya kuzilinda saa zetu, awafanye watoto wetu kuwa tulizo la macho yetu, na atujaalie tuwe miongoni mwa waliobaki msikitini msafara ulipopita. Amin.