Anayemlisha mwasi si lazima awe upande wake

KUTOKA KUSINI
Na Hamisi Nangomwa

Kila kijiji kinapochomwa Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma, huku kwetu huzuka maswali yenye hukumu ndani yake: wale waasi wanakula wapi, wanalala wapi, nani anawaonyesha njia? Jibu hutolewa upesi na watu ambao hawajakanyaga Palma wala Mueda. Ni wanakijiji wenyewe, wanasema. Maskini hana cha kupoteza, kwa hiyo humfuata yeyote mwenye bunduki anayemwahidi neema.

Nalipinga wazo hilo, na ushahidi wangu ni Msumbiji yenyewe, nchi ambayo mzee mmoja wa kijijini anaweza kuwa ameishi ndani ya vita vitatu.

Tuanze na vile tunavyojivunia. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam Juni 1962, na tarehe 25 Septemba 1964 ikaanzisha mapigano Chai, Cabo Delgado. Wamakonde wa uwanda wa Mueda waliiunga mkono kwa dhati. Walikuwa wamelimishwa pamba kwa lazima na kukamatwa kwa kazi ya shuruti iliyoitwa chibalo. Tarehe 16 Juni 1960 askari wa Kireno walikuwa wameumiminia risasi umati wao pale Mueda. Vita vilipoanza, wanawake walijitwisha silaha na chakula na kuvipitisha msituni.

Lakini pamba na chibalo viliwaumiza pia Wamakua walioishi kusini mwao, na umaskini ulikuwa ule ule. Hata hivyo vita vilipata taabu kubwa kuvuka Mto Messalo kuelekea kwao. Tofauti ni kwamba Wamakonde walikuwa karibu na mpaka, na ndugu zao waliokwisha kwenda kukata mkonge Tanganyika walikuwa wameonja siasa huko. Chama cha MANU, kimoja kati ya vitatu vilivyoungana kuwa FRELIMO, kilitokana na wahamiaji kama hao. Kama umaskini peke yake ungetosha kumpeleka mtu msituni, pande zote mbili za Messalo zingewaka siku moja.

Vita vya pili vinafundisha zaidi. Baada ya uhuru wa 1975, serikali ya FRELIMO iliwakusanya wakulima katika vijiji vya pamoja na kuwavua machifu mamlaka yao. Mtanzania aliyeishi wakati wa Operesheni Vijiji anajua uchungu wa kuacha mikorosho na makaburi ya wazee kwa amri ya ofisi. Wakati huo kundi la waasi la RENAMO, lililoasisiwa na idara ya ujasusi ya Rhodesia na baadaye kulelewa na Afrika Kusini ya makaburu, lilikuwa likisambaa. Mwanaanthropolojia Mfaransa Christian Geffray alifanya utafiti wilayani Erati, Nampula, akaona machifu wakihamia upande wa RENAMO pamoja na watu wao. Watu hao walitaka kurudi kwenye mashamba yao, na mwenye bunduki aliyewafungulia njia wakampokea.

Mapokezi hayo yalikuwa na bei. Mwaka 1988 Robert Gersony, akifanya kazi kwa niaba ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, aliwahoji karibu wakimbizi 200 wa Msumbiji. Walimweleza maeneo ambako RENAMO ilitoza chakula, maeneo ambako watu walilimishwa na kubebeshwa mizigo bila hiari, na maeneo yaliyoangamizwa tu. Zambézia nako wakulima walimfuata Manuel António, wakaunda kundi la Naparama, wakawakabili RENAMO kwa mikuki. Kisha ukaja uchaguzi wa 1994, na RENAMO ikapata viti 112 kati ya 250. Wakulima hao hao, katika vita hivyo hivyo na baada yake, walimkaribisha mwasi, wakamkimbia, wakampiga mikuki, wakampigia kura. Atakayeniambia kwamba maskini wa vijijini huunga mkono waasi, au kwamba hawaungi, aniambie kwanza ni wapi, mwaka gani, na mbele ya nani.

Leo tuna vita vya tatu, vilivyoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017. Manung'uniko yapo, tena ya kweli: vijana wa pwani wanaona rubi ya Montepuez na gesi ya Palma vikiwatajirisha wengine, na wapo waliohamishwa kwenye ardhi yao kuupisha mradi wa gesi. Baadhi wamejiunga na wauaji. Lakini Aprili 2020, huko Xitaxi wilayani Muidumbe, kwa maelezo ya polisi wa Msumbiji, watu 52, wengi wao vijana, waliuawa kwa sababu walikataa kujiunga. Wazee wa Kimakonde waliopigana na Mreno wameshika tena bunduki, safari hii kulinda vijiji vyao. Na mamia ya maelfu wameyakimbia makazi yao. Anayempenda mwasi hatoroki usiku na watoto mgongoni.

Kumpa mwasi mihogo, kunyamaza anapopita, na kubeba bunduki yake ni mambo matatu tofauti. Kabla ya kumhukumu mwanakijiji kwa lolote kati ya hayo, tuulize: angekataa, angefanywa nini? Palipo na kifo kwa anayekataa, gunia la mihogo si ushahidi wa itikadi. Wareno hawakujali tofauti hiyo. Waliwahesabu wanakijiji wote kuwa mali ya FRELIMO, wakawasomba na kuwafungia katika vijiji vyenye ulinzi walivyoviita aldeamento, na bado wakashindwa. Jeshi linalomwadhibu mkulima kwa kosa la kuishi karibu na adui humfanyia adui kazi ya kuandikisha wapiganaji.

Hili linatuhusu sisi moja kwa moja. Mwaka 2021 shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, lilieleza kwamba maelfu ya Wamsumbiji waliovuka kuja Tanzania kutafuta usalama walirudishwa kwao kupitia Negomano. Nafahamu hofu iliyokuwapo: Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, kilishambuliwa na damu ya Watanzania ikamwagika. Serikali ina haki na wajibu wa kukagua kila anayeingia. Lakini kukagua ni kumwangalia mtu mmoja mmoja na kumsikiliza. Kuwarudisha wengi kwa pamoja ni kuwahukumu wote kwa dhambi ya waliowachomea nyumba.

Nchi iliyowapa wapiganaji wa FRELIMO kambi za Kongwa na Nachingwea haiwezi kukosa mahali pa kumweka mama wa Kimwani au wa Kimakonde aliyekimbia bila kitu. Apokewe, asajiliwe, ahojiwe kwa heshima. Anawajua wauaji kuliko mpelelezi yeyote, na atasema akihakikishiwa kwamba hatarudishwa mikononi mwao.