Kiswahili Kisiwe Lugha ya Amri Tu

Busia ni mji mmoja wenye serikali mbili. Alfajiri mama wa Kisamia huvuka mpaka na beseni lake la dagaa, huuza, hununua ndizi za kupika, na kabla ya jua la utosi amekwisha rudi kwake. Katika mwendo huo mfupi amesema Kisamia na jirani yake, Kiteso na mwenye ndizi, Kiganda na mwenye duka, na Kiswahili na askari. Wenyeji hawalistaajabii jambo hilo. Sisi tuliopata kukaa huko kwa kazi ya jeshi twaona kwamba limebeba fundisho kwa Afrika Mashariki nzima.

Tukumbuke kwanza kwamba mpaka huo haukuwekwa na wenyeji. Tarehe 1 Aprili 1902 Waingereza waliliondoa Jimbo la Mashariki katika Uganda ya wakati ule, wakalitia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Kwa mipaka ya wakoloni Wasamia na Wateso wakajikuta raia wa nchi mbili. Hata hivyo hawakuacha kuoana wala kuzikana. Tumehudhuria mazishi katika vijiji vile ambapo katekista aliongoza sala, shehe akatoa pole kwa niaba ya wakwe, na jeneza likachukuliwa na vijana wa pande zote mbili. Hakuna aliyeuliza kitambulisho cha mtu wala dini yake.

Viongozi wetu nao wamelitafuta shirikisho kwa muda mrefu. Tarehe 5 Juni 1963, mjini Nairobi, Mwalimu Nyerere, Mzee Kenyatta na Dakta Obote walitangaza nia ya kuunganisha nchi tatu. Nia hiyo haikutimia. Jumuiya iliyoundwa mwaka 1967 ilivunjika mwaka 1977. Mkataba wa sasa, uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, umetaja shirikisho la kisiasa kuwa ndiyo shabaha ya mwisho, na tangu Somalia ilipojiunga mwaka 2024 Jumuiya ina nchi nane zenye watu zaidi ya milioni 300.

Wako wanaosema kuwa watu wenye lugha na dini nyingi namna hii hawawezi kuwa taifa moja. Historia haikubaliani nao. Pakistani ilijengwa juu ya dini moja. Lakini wakubwa walipotaka Kiurdu pekee kiwe lugha ya taifa, vijana wa Dhaka walimwaga damu tarehe 21 Februari 1952 kwa ajili ya Kibengali, na mwaka 1971 nchi ikagawanyika. Ndugu zetu wa Somalia walio wengi wana lugha moja na dini moja, na bado hayo hayakuwaepusha na vita vya wenyewe kwa wenyewe baada ya dola yao kuanguka mwaka 1991. Kufanana, basi, si umoja. Umoja ni kuaminiana, na hakuna kuaminiana pasipo kusemezana.

Hapo ndipo Kiswahili kinapoingia. Mkataba wa Arusha umekitambua kuwa lugha ya mawasiliano ya Jumuiya. Uganda ilikifanya lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Juu ya hayo yote, wangali wananchi wengi wa Uganda wanaokisikia Kiswahili na mioyo yao ikashtuka. Kwa nini?

Sisi tuvaao sare hatuna haki ya kulikwepa swali hilo. Kiswahili kilikuwa lugha ya askari tangu zama za King's African Rifles. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilikitangaza kuwa lugha ya taifa, na katika miaka ile ile mwananchi alikisikia zaidi kwenye vizuizi vya barabarani: Simama! Shuka! Lala chini! Toa pesa! Mtu aliyefundishwa lugha kwa mtutu wa bunduki hujua amri zake tu. Hajui methali zake, mashairi yake, wala neno tafadhali. Tusimlaumu mzazi aliyemwambia mwanawe kwamba hiyo ni lugha ya wanyang'anyi.

Wako pia waliokihofia kwa ajili ya dini. Askofu Tucker, aliyeongoza kanisa la Kianglikana nchini Uganda tangu miaka ya 1890, alikipinga kwa kukiona kuwa karibu mno na Uislamu. Lakini leo Kiswahili hicho hicho husomewa Biblia na kutolewa mawaidha ya msikitini, wala hakimdai mtu abadili kibla chake.

Basi la kufanya ni nini? Serikali itimize uamuzi wa mwaka 2022 kwa walimu na vitabu, maana uamuzi usio na mwalimu darasani ni karatasi tu. Wala Kiswahili kisitumiwe kuzifukuza lugha za mama: Msamia na abaki na Kisamia chake, Mjopadhola na chake. Nasi wanajeshi tuanze na nafsi zetu. Askari wa mpakani amwamkie mzee kwa shikamoo kabla ya kumwomba hati zake. Amweleze mwananchi sababu ya kumpekua. Aseme samahani akimkawiza. Hayo hayahitaji mkutano wa marais wala fedha za wafadhili.

Tangu tarehe 24 Februari 2018, marais wa Kenya na Uganda walipokifungua kituo cha pamoja cha Busia, maofisa wa nchi zote mbili hufanya kazi chini ya paa moja. Paa limekwisha jengwa. Lililobaki ni lugha itakayosemwa chini yake. Siku ambayo yule mama mwenye beseni atajibiwa Kiswahili cha heshima na kila mwenye sare, shirikisho litakuwa limekwisha anza, hata kama halijatiwa saini.